Jiwe la Kufungia Mtumbwi

Mjukuu wangu ana miaka minane. Amezaliwa Mabanga, na tangu aachishwe ziwa la mama yake amekuwa akinywa hili ziwa lingine, Kivu, linalotufikia ndani ya bidoni ya manjano ya lita 20 iliyofungwa juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Analinywa, analioga, analifulia sare ya shule. Juzi tulikuwa uani tukichambua maharage, akaniuliza, "Koko, ziwa iko mbali?" Nikamuuliza kama hajawahi kufika. Akasema, "Hapana. Sisi hatufikake kule. Kule ni kwa bakubwa."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Ndivyo watoto wa avenyu yetu wanavyosema, na ndivyo wazazi wao wanavyowajibu wakiuliza. Kutoka mlangoni kwetu hadi majini ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu: unapita Katindo, unashuka Himbi, umefika. Mimi nilizaliwa mwaka 1970 Kyeshero, hatua hamsini kutoka majini, na jibu la mtoto huyu limeninyima usingizi siku kadhaa.

Mabanga kwa Kilingala ni mawe. Anayeijua Goma haulizi kwa nini kartie ilipewa jina hilo, wala kwa nini zikawa mbili, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, zote katika komini ya Karisimbi. Nyumba zetu zimekaa juu ya moto wa zamani wa mlima Nyiragongo uliopoa: mwamba mweusi, wenye vitundu kama mkate, wenye makali ya kuchana soli ya kiatu. Wanaosema Kinyarwanda wanayaita amakoro. Kuchimba choo hapa ni kazi ya wanaume wawili na baramini kwa siku nyingi, na wengi huacha kabla shimo halijafika kimo cha mtu. Mvua inanyesha, tena sana, lakini maji hayatiririki popote. Mwamba unayameza yote. Ndiyo maana mji mkubwa kama huu hauna hata mto mmoja. Tunachokunywa kinatoka ziwani, kwa bomba la Regideso siku zile linapotoa, kwa gari la sitena, kwa chukudu, au kwa mgongo wa mama mwenye kamba iliyopita juu ya paji la uso.

Kwa hiyo ninapomwambia mjukuu wangu kwamba mimi nilikulia mahali ambapo maji hayakuwa na bei, ananitazama kama ninamsimulia hadithi za sungura.

Kyeshero ya utoto wangu haikuwa mji. Ilikuwa migomba, maharage, mikaratusi michache, nyumba za miti na udongo, na mbuzi waliofungwa kila mmoja kwa kamba yake. Goma yenyewe tuliiendea kama safari. Kule mashariki, Wabelgiji walikuwa wamejijengea nyumba kando ya maji tangu enzi zao, na baadaye Mobutu naye akawa na makazi yake pale pale ufukweni. Sisemi basi kwamba kulikuwa na wakati ambapo ziwa lote lilikuwa la kila mtu. Lakini upande wetu wa magharibi, kuelekea Bulengo, hapakuwa na ukuta. Kila boma lilikuwa na kijia chake cha kushukia, na vijia hivyo vilikuwa na majina ya wazee waliovikanyaga kwanza.

Kijia chetu kiliishia kwenye jiwe.

Nataka nilieleze vizuri jiwe hili kwa sababu tuliobaki tunaolikumbuka hatufiki watano. Lilikuwa bapa, refu kama kitanda cha watu wawili, ncha yake moja imezama majini. Upande wa kushoto lilikuwa na pembe iliyotokeza kama kidole gumba, na hapo ndipo baba alipofungia mtumbwi. Kamba ilikuwa imechimba mfereji kuzunguka ile pembe, wenye kina cha kucha, laini kabisa ndani yake, wakati jiwe lote lililobaki lilikuwa la kuparuza. Baba alisema mfereji huo ulianzwa na kamba ya babu. Mchana mama walifulia juu yake. Sisi tukitoka kuogelea tulilala pale kifudifudi, maana mwamba mweusi hushika jua, na hata giza likiingia ulikuwa bado unatoa joto tumboni. Mpaka leo nikisikia baridi ya alfajiri ya Goma, tumbo langu linalikumbuka lile jiwe.

Hatukuogopa kitu majini. Kivu halina mamba wala kiboko, na shuleni ndipo nilipojua sababu. Ziwa letu ni zao la volkano. Zamani sana maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa Nile. Milima ya Virunga ilipoinuka ikayazibia njia, maji yakajaa bondeni mpaka yakapata upenyo kusini, yakachonga mto Ruzizi na kushukia Tanganyika. Ndivyo tulivyohama kutoka Nile na kuwa watu wa mto Kongo bila kutoka tulipo. Uso wa ziwa uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 480. Lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, maana ukishuka kama mita 60 hakuna tena hewa ya kupumua kiumbe. Ziwa lenye kina kirefu hivyo, na uhai wake wote umekaa juu kama ngozi ya maziwa.

Ndiyo maana pia halikuwa na samaki wengi. Sambaza, ambao leo mgeni akifika Goma tunamwekea na bugali kana kwamba ni chakula cha mababu, waliletwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji. Baba alikuwa kijana wakati huo. Alisimulia kwamba wazee waliwatazama wale samaki wadogo wanaong'aa kama sindano wakauliza kama watakua. Hawakukua, ila walizaana, na ndio waliotusomesha.

Nilipokuwa msichana, miaka ya 1980, uvuvi wa ekipe ulikuwa umeingia, nao ungali unaendelea. Mitumbwi mitatu mirefu hufungwa pamoja, ubavu kwa ubavu, kwa miti inayotokeza mbele na nyuma kama papasi za panzi. Wavu mkubwa huning'inia kati, karabai huwashwa, sambaza hufuata mwanga, kisha wavu huvutwa juu polepole kwa mikono mingi. Hawaendi usiku wa mwezi mkubwa, maana taa haishindani na mwezi. Jioni ya giza, ekipe zinapoondoka, wanaume huimba ili makasia yaingie majini pamoja. Anaimba mmoja, wanajibu wote, na kwa kuwa maji hubeba sauti, ulikuwa ukiwasikia bado hata taa zao zilipokuwa nukta tu upande wa kisiwa cha Idjwi. Nililala kwa sauti hiyo miaka yangu yote ya usichana. Hakuna aliyeniimbia wimbo wa kulala, sikuuhitaji.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo hatukuruhusiwa kukanyaga. Nyuma ya shamba letu la maharage palikuwa na bonde dogo, shimo tu la kina cha kiuno, nyasi zake zikiwa za kijani kibichi kuliko kwingine. Mbuzi hakufungwa pale. Mtoto hakutumwa pale asubuhi. Wazee walipaita kwa neno ambalo sasa hata wanasayansi wa dunia nzima wanaliandika katika vitabu vyao, lile lile letu, mazuku. Siku moja baba alinichukua alfajiri, upepo haujaamka, akawasha mwenge wa nyasi kavu akaushusha polepole ndani ya shimo. Moto ulikuwa mkubwa. Ulipofika usawa wa magoti ulizimika ghafla kama uliochovywa majini, na moshi ukatanda pale pale, umelala kama shuka. Chini kulikuwa na mjusi aliyekufa na ndege wawili. "Umeona?" akasema. "Hapa hewa inakaa chini inangoja." Ni kaboni dioksidi, nimekuja kujua, inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, hukusanyika mabondeni, na jua au upepo ukija hutawanyika. Haina rangi, na anayeinama kufunga kiatu ndani yake anaweza asiinuke.

Miaka michache iliyopita, vita vilipowasukuma watu wa Masisi na Rutshuru hadi kandokando ya Goma, mahema yalitandazwa Bulengo na Lac Vert, juu ya ardhi hiyo hiyo yenye mazuku. Walikuwa wageni, hawakuwa na baba wa kuwaonyesha mwenge. Na sisi tuliokuwa tunajua kila shimo kwa jina tulikuwa wapi? Tulikuwa tumekwisha kuondoka, tumesambaa Mabanga, Katoyi, Majengo, Ndosho. Kijiji kikivunjika haviondoki vibanda peke yavyo. Inaondoka na ile elimu ya miguu: pita hapa, pale usipite.

Moto wa kwanza nilioushuhudia ulikuwa wa 10 Januari 1977. Nilikuwa na kama miaka saba. Nyiragongo ulikuwa na ziwa la moto ndani ya kreta yake, likapasua ubavu wa mlima na kumwagika lote chini ya saa moja, kwa kasi ambayo hakuna mtu angeweza kuikimbia. Vijiji vya kaskazini viliteketea, na moto ulisimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Baba alitupakia sote mtumbwini, mama, watoto, kuku wawili na gunia la maharage, akapiga kasia mpaka tukawa mbali na nchi kavu. Tukalala juu ya maji tukitazama mbingu nyekundu. Kwake jambo lilikuwa jepesi: mlima ukikasirika, mkimbilie kwa ziwa. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba chini yetu usiku ule, katika maji yale mazito, kumefungwa kama kilomita za ujazo 300 za hewa ile ile iliyomuua mjusi wa shimoni, na nyingine 60 za methani. Leo wenzetu wa Rwanda wanaichota methani hiyo upande wa Kibuye na kuifanya umeme. Baba alitufunika kwa turubai akatuambia tulale, hapa tuko salama. Nikalala.

Mwaka 1991 niliolewa Mabanga. Mume wangu alikuwa na nyumba ya mbao juu ya mawe, na duka dogo la vitu vya nyumbani katikati ya mji. Goma tayari ilikuwa inavimba. Hesabu ya mwaka 1984 ilitukuta chini ya 80,000. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Lakini bado ulikuwa mji wa kuzungukwa kwa miguu siku moja, na kila Jumamosi nilishuka Kyeshero na nguo zangu chafu kichwani. Mama mkwe alinishangaa. Maji yapo robine ya jirani, kwa nini nitembee saa nzima? Nilimjibu kwamba sabuni haitoi povu vizuri na maji ya robine. Halikuwa jibu la kweli.

Kisha Julai 1994. Sitaandika mengi, kwa sababu waliopitia wanayo yao na ni mazito kuliko yangu. Ndani ya siku chache tu watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaijaza Goma mpaka kwenye ngazi za makanisa. Maji pekee ya kuwatosha yalikuwa ya ziwa, na kipindupindu kikaingia humo humo. Walikufa makumi ya maelfu katika wiki chache. Ardhi yetu ya mwamba ilikataa kuwapokea, ikabidi askari wa Ufaransa wachimbe makaburi ya pamoja kwa mashine. Nilishuka kumtafuta baba. Nilimkuta amekaa ndani ya mtumbwi wake, mita chache kutoka ufukweni, hajaufunga. Nikamwita. Akanionyesha jiwe kwa kidevu. Familia nzima ilikuwa imelala juu yake, mwanamke, wazee wawili, watoto wanne wamebanana kama sambaza kwenye sinia. Hakutaka kamba iwaamshe. Alikaa majini hivyo usiku mzima.

Baba alifariki mwaka 1999. Kiwanja chake hakikuwa na karatasi. Kilikuwa na neno la mzee aliyempa babu, mashahidi waliokwisha kufa, na lile jiwe. Tangu sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Dola, na asiye na hati ya Dola anakaa kwa huruma. Tuliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na ufa ukutani.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena, na safari hii haukusimama kaskazini. Moto uliingia mjini, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya maduka, ukachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaendelea hadi ziwani na kuingia majini ukitoa mvuke uliofunika anga. Nyumba yetu ya Mabanga ilipona. Duka halikupona. Tulivuka hadi Gisenyi, Rwanda, pamoja na mji mzima, na baada ya siku tatu tukarudi kama wote, maana hakuna aliyekuwa na kwingine. Mume wangu alipanda juu ya lava ikiwa bado inachoma chini ya viatu, akahesabu hatua kutoka ukuta uliobaki wa jirani, akasema, "Liko hapa." Chini yake kulikuwa na mita mbili za mawe mapya, na chini ya mawe kila tulichokuwa nacho.

Baada ya moto ule, wenye pesa walianza kutafuta viwanja magharibi, mbali na njia ya lava. Mwaka 2003 mtu alikuja kwa kaka zangu wawili na mimi. Alikuwa na heshima, alituita kwa majina ya baba yetu, alileta soda. Alituambia jambo ambalo tulilijua: bila hati hatuna kitu, na kesho atakuja mwingine mwenye hati bila soda. Alitaja bei. Ilikuwa ndogo kwa ufukwe, lakini kwa watu wasio na duka ilikuwa kubwa. Yaya mkubwa alitia saini kwanza, wa pili akafuata. Saini yangu ni ya tatu kwenye ile karatasi.

Nimesikia wenzangu wengi wakisimulia kwamba ufukwe tulinyang'anywa. Wapo walionyang'anywa kweli, nawajua, na machozi yao ni ya haki. Lakini mimi siwezi kusimama pamoja nao. Mimi niliuza. Nilipokea theluthi yangu katika bahasha, nikaihesabu mara mbili, na duka likafunguliwa tena kabla ya Pasaka. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba kijia kitabaki wazi, watu wa nyuma waendelee kuchota. Hilo halikuandikwa. Tulikuwa watu wa neno, tukasahau kwamba tumekwisha kuuza kwa karatasi. Mwaka uliofuata ukuta ulipanda, wa mawe haya haya ya Nyiragongo, yamepangwa vizuri na saruji, na juu yake vigae vya chupa. Kufikia mwaka 2010 majirani wote wa zamani walikuwa wameuza. Ukuta wa mmoja ulishikana na wa mwingine, ukatembea Kyeshero bila kupumua.

Nilikijua vyema nilichofanya siku moja tu, tarehe 27 Mei 2021. Mlima ulikuwa umelipuka Jumamosi iliyotangulia, tarehe 22, moto ukasimama Buhene, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Kisha matetemeko yakaja, mchana na usiku, nyumba zikipasuka. Alfajiri ya tarehe 27 serikali ikatangaza kwamba magma iko chini ya mji na inaelekea chini ya ziwa, na kwamba kartie 10 zihame mara moja. Mabanga zote mbili zilitajwa. Tulitoka, mji mzima ukitembea kuelekea Sake, magodoro kichwani, na huyu mjukuu, akiwa na miaka minne, mgongoni kwangu. Tulipofika Kyeshero alikuwa analia kiu. Ziwa lilikuwa upande wetu wa kushoto, nyuma ya nyumba. Miguu yangu iliacha barabara yenyewe bila kuniuliza, ikashuka njia ilizozizoea. Nilitembea kando ya ukuta, nikapita geti, nikapita lingine. Nilisikia maji. Nilisikia kabisa mawimbi yakipiga upande wa pili. Niligonga, lakini wenye nyumba walikuwa wamekwisha kukimbia. Nilirudi barabarani na mtoto mwenye kiu, na kijana mmoja asiyenijua akanipa nusu ya chupa yake.

Siku hizi mji umefunga zaidi. Vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, chakula na watu vikahamia majini, na bandari ndogo ya Kituku ikabeba mzigo usio wake. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kimejaa kupita kiasi kilipinduka mbele ya Kituku, karibu kiasi kwamba waliokuja kupokea watu wao walisimama wakaona. Walikufa makumi kwa makumi. Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji, benki zikafungwa, na noti zikawa za kutafutwa. Ndiyo sababu Jumamosi iliyopita, nilipoamua kwamba mtoto huyu lazima akalione ziwa, tulitembea badala ya kupanda pikipiki. Nilimvalisha sketi yake ya kanisani. Nilichukua bidoni ndogo ya lita tano.

Nilimpeleka kwanza pale kwetu. Geti lina rangi ya samawati sasa. Mlinzi ni kijana kutoka Kalehe, nilimtambua kwa matamshi. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni mtoto wa hapa.

"Mama, bosi hayuko," akasema.

"Simtafuti bosi, mwanangu. Nataka kuona jiwe tu."

Alinitazama, akamtazama mtoto na sketi yake, akageuka nyuma kuangalia nyumba. Hakufungua. Alisogea pembeni, akaacha uwazi wa kiganja kati ya geti na nguzo. Niliweka jicho. Palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, viti vya plastiki, kisha maji, na jiwe. Wamelipaka chokaa nyeupe. Juu yake wamepanga vyungu vitatu vya maua. Nilitafuta ile pembe ya kushoto. Ipo. Chokaa imejaa ndani ya mfereji wa kamba, lakini kwa anayejua mahali pa kutazama kivuli chake bado kinaonekana. Nilimwinua mjukuu aone.

"Ni gani?" akauliza.

"Lile jeupe."

"Lile la maua?"

"Ndiyo. Babu yako mzaa baba yangu ndiye alianza kulichora."

Alinyamaza akalitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilimshukuru mlinzi. Akasema, "Karibu tena, mama," na alisema kweli, niliona.

Kituku palikuwa na matope, kelele, matawi ya ndizi na magunia ya makala, wabeba mizigo wakipishana wakiwa ndani ya maji hadi mapajani. Hapafanani na mahali pa kumwonyesha mtoto uzuri wa kitu chochote. Lakini maji yapo, bila geti. Alisimama ukingoni akishika mkono wangu kwa nguvu. Kisha akauachia, akaingia na viatu, akachota kwa viganja, akaonja.

"Koko, ni ile yetu!" akapiga kelele. "Ni ile ya kwa nyumba!"

Tulikaa juu ya mtumbwi mbovu mpaka jioni. Sikuwa na nia ya kuchelewa, maana usiku wa siku hizi si wa kuchezea, lakini ekipe moja ilikuwa inajiandaa na mwezi haukuwepo. Walifunga miti, wakajaza mafuta, wakasukuma. Walipokuwa mbali kidogo mmoja akaanza, wakamjibu. Sikuutambua wimbo. Ulikuwa mpya, maneno ya vijana, lakini makasia yaliingia majini pale pale nilipoyangoja. Mtoto aliniegemea kifuani.

Tulirudi Mabanga tukiharakisha, na bidoni yetu ya lita tano imejaa. Mama yake aliuliza kwa nini tumebeba maji kutoka mbali hivyo, na robine imetoa leo. Nilimwambia ni ya kufulia. Mtoto alikuwa amekwisha kulala kwenye mkeka, sketi yake ya kanisani bado mbichi hadi magotini, na nilipotaka kumvua aliishika kwa mikono yote miwili bila kufumbua macho.